Pango la Wanyang'anyi Kibandani: Toleo la Nyumbani la Den of Thieves na Mzigo wa Kiswahili katika Ukanda wa Kikorongo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu ya Den of Thieves (2018) kama inavyomfikia mtazamaji kwa diski na nakala za nyumbani, wala si kama ilivyooneshwa katika majumba ya sinema. Yanadai kwamba tofauti kati ya mwizi na mnyang'anyi, ambayo Kiswahili kinayo wazi na jina la Kiingereza la filamu linaifunika, ndiyo ufunguo wa hadithi nzima. Tafsiri ya mdomo inayoivuruga tofauti hiyo huiharibu filamu, na wakati huohuo hukiongezea Kiswahili sifa mbaya ambayo nchini Uganda kimekuwa nayo kwa muda mrefu. Mfano unaozingatiwa ni ukanda wa Kikorongo, katika Wilaya ya Kasese, kwenye njia ya kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe.

Filamu na matoleo yake

Den of Thieves, iliyoongozwa na Christian Gudegast, ilianza kuoneshwa Marekani mwezi Januari 2018, na Aprili mwaka huohuo ikauzwa kwa diski za kutazamia nyumbani. Toleo la majumba ya sinema lina dakika 140 hivi. Pamoja nalo lilitolewa toleo refu la dakika 148, lililotangazwa kuwa halijapitishwa katika uainishaji. Katika soko la Marekani, kutoainishwa ni tangazo la biashara. Mnunuzi anaambiwa kwa kibandiko kimoja kwamba nyumbani kwake ataona kile ambacho jumba la sinema lilimnyima. Kwa uhakiki, nyongeza hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa filamu hii tayari ni ndefu kuliko hadithi yake inavyohitaji. Uzito wake uko kwingine. Toleo la nyumbani ndilo linalosafiri, na linaposafiri alama ya umri wa mtazamaji hubaki kwenye jalada, nalo jalada ndilo kitu cha kwanza kupotea nakala inaponakiliwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Kundi la wanyang'anyi likiongozwa na Ray Merrimen, aliyewahi kuwa askari wa majini (Pablo Schreiber), linateka gari la kusafirishia fedha na kuwaua walinzi, kumbe gari halina hata senti moja. Nick O'Brien (Gerard Butler), afisa wa idara ya sherifu ya Kaunti ya Los Angeles, anaanza kulifuatilia kundi hilo kupitia kijana Donnie Wilson (O'Shea Jackson Jr.), mhudumu wa baa ambaye pia ni dereva wa wahalifu hao. Lengo lao ni tawi la Benki Kuu ya Marekani mjini Los Angeles, mahali ambapo noti zilizochakaa hukusanywa, hufutwa katika kumbukumbu za kompyuta, kisha husagwa. Merrimen anakusudia kuzichukua baada ya kufutwa na kabla ya kusagwa. Kiasi chake ni takriban dola milioni 30 ambazo, kwa hesabu za benki, hazipo tena duniani.

Mwisho wake ni mapigano ya bunduki katikati ya foleni ya magari, raia wakiwa wamejikunyata kwenye viti vyao. Merrimen, bunduki yake ikiwa haina risasi, anaielekeza kwa Nick na hivyo anajichagulia kifo. Mifuko inapofunguliwa ndani yake mna vipande vya karatasi tu. Fedha zilishatoka kwa gari la taka. Aliyepanga yote, tangu mwanzo, ni Donnie.

Anayeifahamu Heat (1995) ya Michael Mann atatambua upesi kwamba Gudegast amekopa mengi: mji uleule, polisi na mnyang'anyi wanaoheshimiana, ndoa ya polisi inayovunjika, na mapigano makubwa barabarani. Wahakiki wengi walimlaumu kwa mkopo huo. Lawama hiyo ni ya haki kwa kiasi, lakini inaishia mapema. Filamu ya Mann inawatenganisha watu wawili wanaofanana ili ioneshe upweke wao. Ya Gudegast inawaachilia wawili hao wapigane kwa kishindo ili mtu wa tatu, asiyeangaliwa na yeyote, apite nyuma yao.

Mwizi si mnyang'anyi

Jina la filamu limetoka katika Injili. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kulibuni upya, kwani Biblia ya Kiswahili inayosomwa makanisani ina maneno yake tayari: pango la wanyang'anyi. Hapo pana jambo ambalo mhakiki wa Kiingereza hawezi kuliona kwa urahisi. Tafsiri kongwe ya Biblia ya Kiingereza ilitumia neno linalomaanisha wezi, ilhali neno la Kigiriki lilikuwa la mtu achukuaye kwa nguvu na silaha. Wafasiri wa Kiswahili walikuwa karibu zaidi na asili. Mwizi huja usiku, hufungua taratibu, na mwenye mali hujua asubuhi. Mnyang'anyi humtazama mwenye mali usoni. Kunyang'anya ni kitenzi chenye watu wawili ndani yake, mmoja akivuta na mwingine akizuia.

Kiswahili hakikuishia hapo. Kina jambazi, ambaye siku hizi hatajwi bila bunduki. Kina mporaji, ambaye huhitaji vurugu ili afanye kazi yake. Kina kibaka wa mitaani. Kina haramia, ambaye asili yake ni baharini. Na kina tapeli, ambaye mali hupewa mkononi na mwenyewe. Uganda nayo ina neno lake, kondo, lililoenea tangu miaka ya 1960 kwa wanyang'anyi wenye silaha na lililovuka mipaka ya lugha za nchi hiyo. Hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba sawasawa dhana ya wizi mkubwa uliopangwa kwa ustadi hadi ukapendeza kutazamwa. Pengo hilo si la aibu. Kiingereza kilihitaji neno hilo kwa sababu kilikuwa na sinema nyingi za namna hiyo, na neno likazoea kuuzuri uhalifu. Kiswahili humlazimisha msimulizi aamue kila mara: mtu huyu ameiba, amenyang'anya, au ametapeli?

Na uamuzi huo ndio filamu yenyewe. Merrimen na watu wake ni wanyang'anyi. Wanapoteka benki ya mtaani na kuwashika mateka, wanafanya kile ambacho kila mtu anakitarajia kwao, na hapo ndipo polisi wanapokazia macho. Donnie anaingia Benki Kuu akiwa amevaa kama kijana wa kupeleka chakula cha Kichina. Hampigi mtu risasi. Yeye ni mwizi kwa maana kamili, na kwa wenzake ni tapeli. Kwa lugha ya filamu, mwizi amewashinda wanyang'anyi kwa kuwatumia. Msimulizi akiwaita wote majambazi kutoka dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kama wafanyavyo wengi, hadithi hubaki na risasi tu, na ule mshangao wa mwisho huanguka kama habari isiyohusiana na yaliyotangulia.

Msimulizi kama mtazamaji wa pili

Ukanda wa Kikorongo ni mahali barabara inapogawanyika. Anayetoka mji wa Kasese akielekea kusini hufika hapo akachagua: aendelee hadi Katunguru na Mfereji wa Kazinga, ama akate magharibi kuelekea Bwera na Mpondwe, ng'ambo yake Kasindi ya Kongo. Mstari wa ikweta unapita jirani, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Lhukonzo. Kiganda huja na bidhaa na redio za Kampala. Kiingereza ni cha shule na ofisi. Kiswahili ni cha malori, mpaka, soko na askari. Reli ya kutoka Kampala ilipofika Kasese mwaka 1956, na mgodi wa shaba wa Kilembe ulipoanza kazi, eneo hili lilipokea watu wa lugha nyingi waliohitaji lugha moja ya kuelewana.

Mahali kama hapa filamu ya Marekani haifiki peke yake. Hufika ikiwa na sauti ya mtu. Uganda imekuwa na vibanda vya video tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndani yake ikakua kazi ya msimulizi wa filamu, maarufu kwa herufi VJ, ambaye hutafsiri, hueleza, hutania na kuhukumu wakati picha zikiendelea. Zamani alikaa kibandani na kipaza sauti. Baadaye sauti yake ikarekodiwa ndani ya diski na sasa ndani ya simu na vihifadhi vya kuchomeka. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanajulikana kote nchini, na kazi zao nyingi ni za Kiganda. Kenya ina DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili chenye Sheng. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyewazoesha Watanzania kusikia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha ucheshi.

Ni kosa kuiona kazi hii kuwa tafsiri mbovu tu. Filamu ya Uganda Who Killed Captain Alex? (2010), ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga jijini Kampala, ambayo diski zake ziliuzwa mkono kwa mkono na waigizaji wenyewe, ilisambaa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake. Watazamaji wengi wa nje hawaijui bila sauti hiyo. Hapo usimulizi si kiraka kilichobandikwa juu ya kazi. Umekuwa sehemu ya kazi.

Kwa upande wa Den of Thieves, usimulizi unaleta swali la kiufundi ambalo nadharia za tafsiri zetu hazijalishughulikia vya kutosha. Filamu hii imetengenezwa ili itazamwe mara mbili. Mara ya kwanza mtazamaji anamhurumia Donnie kama kijana aliyebanwa kati ya polisi na wauaji; mara ya pili anaona kwamba katika kila tukio Donnie ndiye anayesikiliza kuliko wote. Toleo la nyumbani linaruhusu kurudi nyuma, na kwa hiyo linaifaa filamu kuliko jumba la sinema. Lakini kibandani harudishi mtu. Anayeijua filamu kabla ya wote ni msimulizi. Yeye ni mtazamaji wa pili anayesema na watazamaji wa kwanza, na njia mbili ziko mbele yake. Anaweza kuificha siri, akamwita Donnie dereva hadi mwisho. Anaweza pia kuidokeza mapema, kwa mzaha au methali, na hapo mshangao unageuka kuwa kejeli: hadhira inajua, polisi hawajui. Wasimuliaji hodari huelekea njia ya pili. Wanafanya alivyofanya mtambaji wa ngano kuhusu Sungura, ambaye watoto walijua tangu mwanzo kwamba atashinda, wakasikiliza ili wajue atashindaje. Kwa filamu hii, ambayo mshangao wake unachelewa mno kwa urefu wake, njia hiyo inaboresha.

Noti chakavu

Kuna jambo moja ambalo Gudegast hakulikusudia, na ambalo linamfanya mtazamaji wa mpakani awe msomaji bora wa filamu hii kuliko mkazi wa Los Angeles. Mashariki mwa Kongo dola ya Marekani hutumika katika biashara za kila siku, nayo hukaguliwa kwa ukali. Noti yenye mpasuko mdogo pembeni hukataliwa, hata kama huko ilikochapishwa thamani yake ni ileile. Mfanyabiashara wa Mpondwe anayevuka kwenda Kasindi anajua kuinyoosha noti, kuikunjua, kuitazama kwenye mwanga. Anajua pia hasara ya kubaki nayo mkononi.

Kwa mtu huyo, wazo la dola zinazokataliwa kwa uchakavu halihitaji maelezo. Linalomshangaza ni kwamba kuna mahali noti chakavu zinarundikwa kwa mamilioni na kusagwa, na kwamba mwizi anaziona kuwa ndizo bora, kwa kuwa hakuna anayezihesabu tena. Filamu haikai hapo, inakimbilia bunduki. Hata hivyo, wazo lake la kina zaidi liko hapohapo: kitu huwa huru kuibiwa pale mamlaka inapokitangaza kuwa hakipo. Msimulizi anayelijua soko la mpaka anaweza kulitamka hilo kwa maneno matatu. Msimulizi wa Kampala asiyelijua atalipita, akisema tu kwamba wanaiba pesa za benki. Pengo hilo kati ya wasimuliaji wawili ni hoja ya kutosha ya kutaka usimulizi wa Kiswahili cha ukanda huu uwepo, badala ya kuridhika na unaoletwa kutoka miji mikuu.

Lugha ya bunduki

Hoja ngumu zaidi inahusu vurugu. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya silaha. Kilikuwa lugha ya kikosi cha KAR wakati wa ukoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wengi sauti ya amri kwenye kizuizi cha barabara ikawa ya Kiswahili. Waliomwondoa mwaka 1979 nao walikuja wakikisema. Wanaisimujamii wameandika mara nyingi kwamba Waganda wengi walikihusisha na askari na wanyang'anyi kwa pamoja. Chuki hiyo haikutokana na lugha yenyewe. Ilitokana na kinywa kilichokuwa kikisema na chombo kilichokuwa mkononi.

Sasa itazamwe Den of Thieves kwa jicho hilo. Dai lake la msingi ni kwamba polisi na wanyang'anyi ni watu wa aina moja. Wamefunzwa silaha zilezile na wanashindana shabaha bega kwa bega. Nick anamteka Donnie, anampiga, na kumweleza kwamba yeye na wenzake si polisi wa kumfunga mtu pingu. Afisa huyohuyo anakula donati mahali ambapo maiti bado hazijaondolewa. Kama msimulizi atawapa wahusika hawa Kiswahili cha amri, kile cha leta, kaa chini, nyamaza, basi filamu inathibitisha kila ambacho babu alimweleza mjukuu kuhusu lugha hii. Na kama katika usimulizi wa Kiganda ni askari na majambazi tu wanaobadili lugha na kusema Kiswahili, ubaguzi unakuwa dhahiri zaidi, hata bila nia mbaya: vicheko hupatikana, na lugha hulipa gharama.

Haifuati kwamba filamu kama hizi zizuiwe zisisimuliwe kwa Kiswahili. Filamu ya Kenya Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, ina wezi wa magari, polisi wauaji na damu nyingi, na wahusika wake husema Kiswahili na Sheng. Lakini humo Kiswahili kinasemwa pia na mama, na mwigizaji wa tamthilia, na kijana anayeogopa. Kinabeba uoga na aibu na tumaini, si amri pekee. Tofauti iko katika mgawanyo wa lugha kati ya wahusika. Katika Den of Thieves kuna mke wa Nick, kuna watoto wake, kuna wahudumu wa baa na mateka waliolala sakafuni. Msimulizi mwenye sikio anaweza kuwapa wao Kiswahili chenye upole na heshima, na kuwaachia wenye bunduki ukavu wao. Akifanya hivyo, mtazamaji husikia upana wa lugha kwa muda wa saa mbili na zaidi, jambo ambalo kitabu cha darasani hakimpi kwa urahisi.

Katika ukanda huu swali hili lina uchungu wake. Mpondwe ilishambuliwa na waasi wa ADF Novemba 1996. Novemba 2016 mapigano mjini Kasese yaliua zaidi ya watu 100. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha ilivamiwa na zaidi ya watu 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Kwa hadhira yenye kumbukumbu hiyo, milio ya risasi iliyotengenezwa kwa ustadi ili ijaze chumba haisikiki kama inavyosikika kwingine. Haiyumkini kusema kwa ujumla kwamba filamu hizi zinawaumiza au zinawafariji, watu hutofautiana. Linaloweza kusemwa ni kwamba uainishaji uliofanywa Marekani kwa ajili ya watoto wa Marekani haujibu swali la Bwera, na toleo linalojisifu kwa kutoainishwa linajibu hata kidogo zaidi.

Mahali pa sera

Uganda iliufanya Uswahili uwe suala la katiba mwaka 2005, Kiswahili kilipowekwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwezi huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hivyo mpaka wa Mpondwe ukawa mpaka wa ndani ya Jumuiya. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Vyombo vyote hivi vinawaza darasa, kamusi, ukalimani wa mikutano. Msimulizi wa filamu hayumo katika nyaraka zao, ingawa kwa saa za usikilizaji anaweza kumpita mwalimu.

Sababu mojawapo ya kutotajwa ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri, na usimulizi mwingi hufanywa bila ruhusa hiyo. Afisa wa serikali hawezi kudhamini mafunzo ya kazi ambayo msingi wake ni kasoro ya kisheria. Ugumu huu ni wa kweli, na kuukwepa kwa kusema utamaduni una haki zake hakutamsaidia mshauri wa sera anayepaswa kuandika bajeti. Lakini filamu za Afrika Mashariki zipo, wamiliki wake wanafikika, na leseni ya kusimulia filamu kumi kwa Kiswahili cha magharibi mwa Uganda ni gharama ndogo kuliko semina moja ya hoteli. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo imekuwa ikiandaa tamasha la filamu la taifa tangu 2013, ina uwezo wa kuanzisha tuzo ya usimulizi bila kutunga sheria mpya.

Uainishaji nao unaweza kusogezwa. Kwa sasa kinachopimwa ni picha. Katika nakala iliyosimuliwa kuna matini mbili, na ya pili haipimwi na mtu: msimulizi anaweza kulilainisha tukio la kikatili au kulitia chumvi, anaweza kumcheka aliyeuawa au kumhurumia. Chombo chochote kitakachotaka kutoa alama ya umri kwa nakala kama hiyo kitahitaji watathmini wanaoijua lugha ya usimulizi, na kwa Kasese hiyo ina maana ya watu wanaosikia Lhukonzo na Kiswahili cha mpakani kwa pamoja.

Sehemu ya pili ya filamu hii, Den of Thieves 2: Pantera, ilitolewa Januari 2025. Inamfuata Donnie hadi Ulaya, kwenye almasi, na Nick anamfuata si tena kama polisi anayewinda bali kama mtu anayetaka kushiriki. Mgawanyo wa mwizi na mnyang'anyi umevurugwa na mwandishi mwenyewe safari hii, na msimulizi atalazimika kumtafutia Nick jina jipya. Kuhusu almasi, hadhira iliyo kilomita chache kutoka Kongo haitahitaji kuelezwa madini hutokaje ardhini hadi kwenye kabati la kioo la duka la Ulaya, na nani huitwa mwizi njiani.